Kaboni Ina Mikono Minne

Kila mtu ana pua, najua, lakini pua ya Mwalimu wetu wa Kemia ilikuwa ya kazi. Alikuwa akifika mlangoni mwa darasa anasimama, ananusa kidogo, halafu anasema, "Kuna mtu amekula ndizi mbivu humu. Mnaisikia harufu? Hiyo ni esta." Na kweli, utamkuta mtu nyuma kabisa anasukuma ganda ndani ya dawati kwa goti. Hakuwa na habari ya kumwadhibu. Alimwita mbele, akamwambia alinyanyue ganda juu tulinuse wote, na kipindi kikaanzia hapohapo. Mimi esta nilizijua kwa ganda la ndizi la mwenzangu.

Alizaliwa wapi, lini, kwa nani, sikuwahi kumuuliza na sitajifanya najua. Alikuwa mwanamke wa bara, mrefu, Mkristo wa kwaya, mwenye sauti iliyotoka kifuani moja kwa moja bila kupita puani. Alikuja pwani kufundisha, akabaki. Wenyeji wa Bagamoyo waliomkuta mgeni walikuwa wakisimulia kwamba siku zake za mwanzo alikuwa anapokea chenji na kumega andazi kwa mkono wowote uliokuwa karibu, mpaka mama mmoja jirani yake akamkalisha chini akamfunda. Tangu siku hiyo basi. Alijifunza adabu za pwani kama alivyotaka sisi tujifunze jedwali la elementi, zote, bila kuruka hata moja. Shikamoo yake ilikuwa ya kuinama. Akikupa chaki anakupa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameuweka nyuma. Sisi wenyeji tulikuwa tunajisahau, yeye hajisahau.

Sheria ya shule ilikuwa Kiingereza, na yeye alikuwa mtu wa sheria. Alianza kila kipindi kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula. Akifika kwenye jambo lenyewe, lile la kumtoa mtu jasho, anakwenda kufunga mlango, anarudi, anakunja mikono ya blauzi, anasema, "Haya, sasa tuongee." Tulikuwa tunausubiri ule mlango ufungwe kama watoto wanaosubiri chungu kiepuliwe.

Mlango ukishafungwa ndipo tulipofundishwa kwamba kemia ya kaboni ni habari ya mikono. Kaboni ina mikono minne, oksijeni ina miwili, hidrojeni ina mmoja, maskini, na akishashikwa ameshikwa. Kaboni zikishikana zenyewe kwa zenyewe zinafanya mgongo. "Na migongo," alisema, "yote inafanana. Ukimwona mtu kwa mgongo sokoni utamwita jina la mwingine uaibike. Tazama mkono! Mkono ndio unaoiba, mkono ndio unaotoa sadaka." Huo mkono, yaani lile fungu dogo la atomi lililoning'inia pembeni ya mgongo wa kaboni, ndilo linaloitwa kundi tendaji, na ndilo linaloamua kitu kitakuwa pombe, au siki, au harufu ya mdalasini. Tukikwama kwenye swali lolote, hata la hesabu, alitupigia kelele ileile: "Tazama mkono!" Jamani, hadi mechi ya netiboli alikuwa anashangilia hivyo.

Alitufunga macho kwa kitambaa akatupitishia vitu puani. Mdalasini, tukasema aldehaidi. Siki, asidi. Karafuu ilitutesa kwa sababu ina mikono zaidi ya aina moja, na yeye alifurahi tulipogombana. Nyumbani kwa Bibi, aliyenilea, nikaanza kunusa vyungu na kutaja majina, Bibi akaniuliza kama nimepagawa.

Halafu kulikuwa na mambo ya tembo. Tembo la mnazi, lile linalogemwa. Mwalimu wa Kemia hakugusa pombe maishani mwake, hata divai ya kanisani alisema inamchoma koo. Lakini kila mwaka, tukifika mada ya pombe na asidi, alikwenda mwenyewe kwa mgema, mchana kweupe, akarudi na chupa mkononi bila hata kuifunga gazeti. Mji mzima ukasema, "Mwalimu wa Kemia naye anayo yake." Hakujibu mtu. Aliiweka chupa kwenye kabati la maabara, mdomo umefunikwa kitambaa chepesi, na kila wiki tukapita mmoja mmoja kunusa. Likaanza tamu, likawa kali, na mwisho likawa siki ya kukunja uso.

Wazazi wengine walikuja juu. Tembo shuleni, tena mbele ya watoto wa Kiislamu! Baba mmoja alifika na fimbo yake akataka kuiona hiyo chupa. Mwalimu akamwinamia, shikamoo, akamletea chupa aliyokuwa ameiweka tangu mwaka uliopita. Mzee akanusa. "Hii siki," akasema. "Ndiyo, mzee." "Nzuri." "Ndiyo, mzee. Zamani ilikuwa tembo. Hidrojeni mbili zimetoka, oksijeni moja imeingia, mkono umebadilika." Yule mzee akatafakari, akasema tembo likishageuka lenyewe likawa siki si tembo tena, hilo hata yeye analijua, na akaondoka na nusu chupa ya kutilia achari. Nilipomhadithia Bibi alicheka siku mbili.

Msidhani alikuwa malaika. Ukivunja bomba la kioo la maabara ulikuwa unatamani ardhi ipasuke. Alama mbovu alizisamehe, kioo hakusamehe. Alikuwa anaogopa mijusi kafiri kupita kiasi. Mtu anayeshika asidi kali bila kutetemeka, anaona mjusi ukutani anapanda juu ya kiti na sketi ameikusanya! Na kupika hakujua. Mwanamke aliyeweza kupima kitu kwa tone alikuwa anachemsha wali ukawa uji juu na mkaa chini, halafu anatueleza kwa utulivu kabisa kwa nini umeungua.

Isoma alitufundishia uwanjani, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo sidhani kama linaweza kufanywa na watoto wa mahali pengine popote. Isoma ni vitu viwili vyenye atomi zilezile, idadi ileile, ila zimeshikana kwa mpangilio tofauti, na kwa hiyo tabia zao ni mbalimbali. Alichagua wanafunzi wawili wawe kaboni, mimi na mvulana mmoja. Kwa kuwa binadamu ana mikono miwili na kaboni ina minne, alitufunga kila mmoja kanga kiunoni, ncha mbili zikaning'inia, hiyo ikawa mikono iliyopungua. Yule mvulana na kanga yake, uwanja mzima ulilala chini kwa kicheko. Oksijeni akawa pacha wake yule mvulana, msichana niliyekaa naye dawati moja. Hidrojeni sita, wasichana watatu na wavulana watatu. "Haya," akasema, "nitengenezeeni pombe. Shikaneni." Akaenda kusimama kivulini.

Sasa ili iwe pombe, kaboni mbili lazima zishikane, na oksijeni akae pembeni, mkono mmoja ameishika kaboni, wa pili ameshika hidrojeni. Yaani mimi nishikane mkono na yule mvulana, mchana, mbele ya barabara anayopita mjomba wangu. Haiwezekani! Yeye naye akatazama miti. Tukasimama hapo tumekauka, mpaka pacha wake, mtoto mwenye akili, akaja akaingia katikati yetu. Kaka yake akamshika, si dada yake? Na mimi nikamshika, si msichana mwenzangu? Wavulana wakaenda kushika upande wa kaka, wasichana wakaja upande wangu. Kila mkono ulishikwa, hakuna aliyevunjiwa heshima, tukamwita Mwalimu aje aone.

Alikuja, akatuzunguka, akahesabu kwa kidole. Kisha akakaa chini kwenye mchanga, na sketi yake ya kazini, akacheka hadi machozi. "Nimewaagiza pombe," akasema, "mmeniletea etha! Atomi zote zipo, haijapungua hata moja. Haya zenu ndizo zilizowapanga upya!" Etha yenyewe, akatueleza baadaye, ni hewa, inaruka, inashika moto, wala haina habari na tembo la mgema. Swali la isoma sijawahi kulikosa tangu siku ile. Na kabla hamjaanza, hapana, mimi na yule mvulana hatukuoana.

Nimezunguka sana, najua. Nilikuwa nauogopa mkono wangu mwenyewe kuufikia.

Mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo. Bibi aliligundua nikiwa naanza kushika kijiko, na kwa kunipenda kwake akafanya alichofanyiwa kila mtoto wa namna yangu: akachana ukanda wa kanga kuukuu akanifunga mkono wa kushoto kiunoni wakati wa kula, na baadaye wakati wa kuandika. Chuoni kwa ustadhi, tulikosoma Kurani, ikawa hivyohivyo. Nilipofika kidato cha tano hakuna aliyekuwa ananifunga tena, nilikuwa nimeshajifunga mwenyewe. Niliandika kwa kulia, herufi kubwa zilizolala chali, polepole kama mtu anayechimba. Majibu nilikuwa nayo. Mtihani ulikuwa unaisha mimi nipo katikati, na kila muhula alama zikashuka, na mkuu wa masomo alikuwa ameshaanza kunishauri niache sayansi nichukue masomo mepesi. Kidato cha sita kilikuwa kinakuja. Nilikuwa nalia bafuni, maji yakimwagika Bibi asinisikie.

Siku ya isoma za kioo, Mwalimu alitupa udongo wa kichuguu tutengeneze kaboni na mikono yake minne kwa vijiti vya meno. Kaboni yenyewe tuliipaka masizi ya sufuria, ambayo ni kaboni pia, na hilo lilimfurahisha mno. Kwenye ncha nne tukaweka madonge manne tofauti: la binzari, la chokaa, la bluu ya kufulia, na moja la udongo mtupu. Nilipomaliza nikaiweka yangu karibu na ya mwenzangu wa dawati. Zilifanana, lakini zilikataa kulaliana. Geuza huku, geuza kule, rangi mbili zikikubali, mbili zinakataa, kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Nikaita, "Mwalimu, mmoja wetu amekosea."

Akazishika zote mbili, akazitazama kwa furaha. "Hakuna aliyekosea. Hii ni sura, na hii ni sura yake kwenye kioo." Akanitazama mimi. "Umeitengeneza kwa mkono gani?"

Nikaangalia mikono yangu. Wa kushoto ulikuwa na udongo mpaka kifundoni. Wa kulia ulikuwa umeshika meza tu.

"Unaandika kwa upi?"

"Wa kulia, Mwalimu."

Alikwenda kufunga mlango, ingawa ulikuwa umeshafungwa, akaufungua, akaufunga tena. Jioni ile akanifuata nyumbani.

"Hodi hapa!"

"Karibu," Bibi akaitikia. Alikuwa barazani anasuka ukili, zile tepe ndefu za miyaa, majani makavu ya kusukia, zinazoshonwa kuwa mkeka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Za shule?"

"Nzuri. Nimekuja kuomba."

"Mwombaji hukaa kwanza." Bibi akampa kitumbua, na nikaona anavyotazama kitapokelewa kwa mkono gani. Kilipokelewa kwa kulia. Bibi akalegea. Mwalimu akasema alilojia: mjukuu wako majibu anayo, mkono hauyafikishi, na mtihani hausubiri. Mwache aandike kwa kushoto.

"Mkono wa kushoto una kazi yake, mwalimu," Bibi akasema, "na kazi hiyo haifanywi mbele za watu."

Nikajua imekwisha. Lakini Mwalimu hakubisha. Alikula kitumbua chake chote, akafuta vidole, akasema, "Bibi, nifundishe kusuka." Hakuna kitu Bibi alichopenda kama kufundisha kusuka. Akamkatia miyaa, akamwonyesha. Mwalimu akaanza, mkono wa kulia peke yake, wa kushoto ameukalia. Miyaa ikatawanyika. Akaokota, akaanza tena. Ikatawanyika.

"Aa! Toa na huo mwingine!" Bibi akamaka.

"Huu? Si una kazi yake?"

Bibi akaitazama mikono yake mwenyewe, ukili umekaa katikati yake, wa kulia unapeleka, wa kushoto unapokea. Kisha akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mtu wa bara huyu kanikamata barazani kwangu!" Alipojifunua alikuwa ameshakata shauri. "Kula, kulia. Kupokea, kulia. Kumpa mtu kitu, kulia. Kalamu haina mdomo, ashike anavyoweza." Akanigeukia. "Lakini wewe! Siku nikikuona na tonge la wali mkono wa kushoto, tusijuane. Niahidi."

Nikaahidi. Na nilitimiza, miaka yote, hata Bibi alipokwisha tangulia mbele ya haki. Kalamu kwa kushoto, tonge kwa kulia.

Mtihani wa kidato cha sita niliumaliza, nikabakiwa na muda wa kupitia majibu. Nilikaa pale nikiutazama mkono wangu juu ya karatasi kama mgeni aliyekuja na zawadi. Leo ni mfamasia. Nina duka la dawa Mapinga, kando ya barabara ya Bagamoyo, na zipo dawa kwenye rafu zangu ambazo umbo moja linatibu na pacha wake wa kwenye kioo hana msaada. Kila nikiandika maelekezo kwenye boksi, kutwa mara mbili, baada ya chakula, namshukuru yule mwanamke. Si kwa maneno makubwa. Namshukuru tu, kama mtu anavyoshukuru maji.

Mwaka huu dada mmoja aliingia dukani na cheti cha dawa za presha na za mgonjwa wa kiharusi. Akasema ni za shangazi yake, mwalimu mstaafu, amejenga kijumba kwenye viwanja vya nyuma huko. Nikamuuliza alifundisha nini. Kemia, akasema. Jumapili yake mchana nikaenda.

Alikuwa kwenye kiti, mrefu vilevile, mkono wa kulia umelala mapajani. Maneno yalitoka kwa taabu, moja moja, lakini yalitoka. Nilipomwamkia aliuficha mkono wa kushoto nyuma ya mto. Nikapiga goti nikauchukua ule uliolala nikaubusu. "Kaboni wangu," akasema.

Tukaongea, mimi zaidi. Chakula kilipoletwa, wali wa nazi na samaki wa kupaka, akasema ameshiba. Nikamfuata mpwa wake jikoni.

"Hajashiba," yule dada akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga. "Kulishwa hataki, si mtoto. Kwa kushoto mbele ya mtu hataki, hata kwa kijiko, anasema mkono ni uleule. Miaka yote nimekaa na watu wa pwani, anasema, siwezi kuwatia kinyaa uzeeni. Anadonoa kidogo nikigeuza mgongo. Mavazi yote yanamvuka. Daktari kasema asipokula, hizi dawa zako hazitamfaa kitu."

Nilirudi nikakaa mkekani, nikamwomba mpwa amsaidie kushuka akae mbele yangu, sinia katikati. Nikanawa. Nikasema moyoni, Bibi, tutaongea mimi na wewe tukionana. Kisha nikaingiza mkono wa kushoto kwenye wali.

Mwalimu akaukodolea macho. "Ulimwahidi... bibi yako."

"Nilimwahidi."

"Sasa?"

"Tazama mkono, Mwalimu."

Nikainua tonge. Nusu yake ikaniangukia mapajani. Nikajaribu tena, ikamwagika mkekani, punje hadi kwenye goti lake. Mashoto mzima mimi, kalamu inakimbia, sindano inapita, lakini kula kwa mkono ule sikuwahi tangu nilipofungwa ukanda wa kanga. Machozi yalikuwa yananitoka, na wali umenijaa kidevuni.

"Unamwaga," akasema.

"Sijui, Mwalimu. Sijawahi."

Mkono wake wa kushoto ukatoka nyuma ya mgongo, akauchovya kwenye bakuli la maji, akaukung'uta. "Minya kwanza," akasema. "Kidole gumba... kisukume." Akaukusanya wali taratibu, akaufinyanga, akala. Kisha akakaa, akanisubiri nifanye kama yeye.